Mayai laini na kuku wanaokula mayai: tengeneza ganda kwanza

Ukikuta ute umekauka kwenye maranda na kipande cha utando kimebaki kwenye kona ya kiota, usikimbilie kumshika kuku na kumkata mdomo. Katika mabanda madogo ya nyuma ya nyumba, mara nyingi kuku huanza kula mayai kwa sababu yai lilijivunja lenyewe. Ganda lilikuwa jembamba, likapasuka chini ya mwenzao, wakaonja kiini, wakakipenda. Kwa hiyo tatizo hili lina mpangilio wake: ganda, kisha kiota, na mla mayai mwishoni kabisa. Ukiugeuza, utachinja kuku anayetaga vizuri, na baada ya wiki moja mwingine atakuwa amejifunza.

Chunguza kabla ya kununua chochote

Jibu maswali matatu. Mayai mabovu ni ya kuku mmoja au ya wengi? Yanapatikana wapi: kiotani mchana, au chini ya fito za kulalia asubuhi? Na ndani ya siku 14 zilizopita kimebadilika nini: gunia jipya la chakula, dawa, kuku wageni, mbwa anayezunguka banda usiku, joto?

Kumjua anayetaga yai laini si kazi kubwa. Jioni, mpake rangi kidogo ya chakula kwenye tundu la kutagia kuku unayemshuku. Yai la kesho litatoka na mstari wa rangi. Ukiwashuku wawili, tumia rangi mbili. Vinginevyo mtenge siku mbili kwenye tenga lenye chakula na maji.

Unene wa ganda unapimika jikoni. Yeyusha gramu 125 za chumvi katika lita 1 ya maji, acha maji yatulie, kisha tumbukiza mayai yaliyotagwa siku hiyo hiyo. Yai lenye ganda zuri huzama. Likielea, ganda ni jembamba. Usipime mayai ya juzi, maana hewa huongezeka ndani ya yai kadiri linavyokaa, na lenye ganda zuri nalo litaelea. Pima mayai 10, andika mangapi yameelea, rudia baada ya wiki mbili. Bila namba hiyo huwezi kujua kama ulichofanya kimesaidia.

Ganda hutengenezwa usiku

Yai huchukua kama saa 24 hadi 26 kukamilika, na kati ya hizo kama saa 20 huzitumia likivishwa ganda. Kuku aliyetaga saa tatu asubuhi huanza yai jingine kabla ya saa moja kupita. Yai hilo hufika kwenye mfuko wa ganda alasiri na kukaa humo usiku kucha hadi asubuhi. Saa ambazo kalsiamu inahitajika zaidi ndizo saa ambazo kuku amelala na hali kitu. Hutegemea kilichobaki kwenye firigisi, na kikiisha huchota kwenye mifupa yake mwenyewe. Ndiyo maana kuku anayekosa kalsiamu kwa muda mrefu huishia kulemaa miguu.

Maganda ya mayai ya kuku wengi yanazidi kuwa membamba polepole

Hapa tazama chakula. Nchini Uganda sababu ya kawaida ni kurefusha gunia: chakula cha kutagia huchanganywa nusu kwa nusu na pumba za mahindi ili kifike mwisho wa mwezi. Tufanye hesabu. Ganda la yai la kawaida lina uzito wa gramu 5 hadi 6, na ndani yake mna kalsiamu ya gramu 2 na kidogo. Kuku hanyonyi kalsiamu yote anayomeza. Kiasi cha nusu hupotea kwenye kinyesi. Kwa hiyo anahitaji kumeza gramu 4 hivi kila siku. Chakula cha kutagia kina kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4, na kuku hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, hivyo anazipata. Ukibadilisha nusu yake kwa pumba, ambazo karibu hazina kalsiamu, atameza gramu 2 tu na kunyonya 1. Ganda bado linadai 2. Kwa siku chache mifupa italipa deni hilo, kisha mayai yataanza kulainika.

Pumba zina ubaya mwingine: zina fosforasi nyingi ya aina inayoshikamana na kalsiamu tumboni na kuizuia isinyonywe. Vivyo hivyo mboga zenye oksalati, kemikali inayoishika kalsiamu, kama dodo (mchicha). Majani machache ya dodo hayana shida, lakini kama kuku wako wamefungiwa na dodo ndiyo mboga yao ya kila siku, badilisha kwa kabichi au sukuma wiki.

Soma pia maandishi ya gunia. Lililoandikwa GROWERS au BROILERS lina kalsiamu ya asilimia 1 hivi. Kuku anayetaga hawezi kuishi kwa hilo, hata ale kiasi gani.

Dawa ya upungufu huu ni kalsiamu ya punje kwenye chombo chake, pembeni ya chakula. Tumia makombe ya ziwani yaliyopondwa, au chokaa ya mawe inayouzwa kwenye maduka ya chakula cha mifugo. Punje ziwe za milimita 2 hadi 4, kama mchele uliokatika. Unga huvuka tumbo upesi, bali punje hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka taratibu usiku kucha. Jaza chombo saa kumi jioni, kwa kuwa kuku hutafuta kalsiamu zaidi kuelekea magharibi. Kwa kuku 10 wanaolishwa mchanganyiko wa nusu pumba, weka gramu 50 hadi 60 kwa siku, yaani vijiko vya chakula vitatu au vinne. Usiwachanganyie kwa lazima ndani ya chakula, hasa kama jogoo na vifaranga wanakula humo humo: kalsiamu nyingi huharibu figo za kuku asiyetaga. Kwenye chombo chake, kila kuku huchukua anachohitaji.

Mambo ya kuangalia unaponunua:

- Chokaa ya kujengea, iliyochomwa, haifai kamwe. Inaunguza mdomo na koo la kuku.
- Makombe huchanganywa na mchanga na wauzaji wasio waaminifu. Weka kijiko kimoja kwenye glasi, mimina siki. Makombe na chokaa ya mawe hutoa povu. Mchanga hukaa kimya.
- Povu likiwa hafifu na la kujikokota, huenda ni mawe yenye magnesiamu nyingi, ambayo huharisha kuku na kudhoofisha ganda. Usiyanunue.
- Unga wa mifupa si mbadala. Una kalsiamu, lakini una fosforasi nyingi pia, na fosforasi ikizidi ganda huharibika.

Maganda ya mayai mliyokula nyumbani ni mazuri kama nyongeza. Yakaushe, yachome kwenye sufuria kavu dakika 10 hadi 15, kisha yaponde mpaka yasifanane tena na yai. Usiwatupie nusu ya ganda likiwa bado na ute ndani. Huko ni kuwafundisha wizi kwa mkono wako. Maganda hayo peke yake hayatoshi, kwa sababu maganda ya mayai unayouza hayarudi kwako.

Kama kalsiamu ipo na ganda bado ni bovu, fikiria vitamini D. Bila hiyo, kalsiamu hupita tumboni bila kunyonywa. Kuku anayetembea juani hujitengenezea mwenyewe. Aliyefungiwa kwenye banda lenye giza hutegemea chakula tu. Wanaojichanganyia chakula kwa mahindi, mashudu ya alizeti na mukene (dagaa) husahau mchanganyiko wa vitamini na madini, au hupunguza kipimo kwa sababu ya bei. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye paketi yenyewe. Chakula kilichokwisha kusagwa kitumike ndani ya mwezi mmoja, gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta. Kikipata unyevu huota ukungu, na sumu ya ukungu huharibu ini, ambalo ndilo huiandaa vitamini D ifanye kazi. Mahindi yenye ukungu ambayo binadamu ameyakataa, kuku naye asipewe.

Ukirekebisha chakula, tofauti huanza kuonekana ndani ya siku 3 hadi 7. Wiki mbili zikipita na mayai bado yanaelea kwenye maji ya chumvi kama mwanzo, chanzo ni kingine.

Mitetea na kuku wazee

Mtetea anayeanza kutaga anaweza kutoa yai moja au mawili bila ganda katika wiki za kwanza, kwa sababu mwili bado unajipanga. Subiri wiki tatu. Usimwanzishie chakula cha kutagia mapema mno, akiwa na wiki 10 au 12. Mpe karibu na wiki ya 17 au 18. Kuku mzee naye hutaga yai kubwa zaidi kwa kiasi kile kile cha kalsiamu, hivyo ganda hutandazwa na kuwa jembamba. Punje za makombe humsaidia kwa kiasi, lakini mayai yake hayatarudi kuwa ya mwaka wa kwanza.

Mayai bila ganda chini ya fito asubuhi

Yai likiwa kwenye utando tu, limeanguka usiku kwenye kinyesi, basi kuku alilitoa kabla ya wakati. Kama ni siku moja au mbili tu, tafuta kilichowatisha: nguchiro, paka, mbwa, ngurumo kali, au kuku wageni walioingizwa jioni. Ziba matundu kwa waya wenye macho madogo. Baada ya siku chache hali hurudi. Yakiendelea kila asubuhi, na kwa kuku zaidi ya mmoja, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya ugonjwa hapa chini.

Joto

Kuku hana jasho. Hupoa kwa kuhema mdomo wazi. Akihema sana hutoa kaboni dioksidi nyingi, na damu yake hupungukiwa bikaboneti, ambayo ni nusu ya malighafi ya ganda. Isitoshe, hula kidogo. Wafugaji wa Gulu, Kitgum na Moroto huliona hili kuanzia Desemba hadi Machi; Kampala huonekana kwenye mabanda mafupi ya mabati. Tandika nyasi au mafunjo juu ya mabati, acha pande mbili ndefu ziwe za waya, na ulishe alfajiri na tena saa kumi jioni. Kuku 10 hunywa lita 2 hadi 2.5 kwa siku, na mara mbili ya hapo siku ya joto kali. Weka jerikeni la maji kivulini. Maji yaliyopashwa na jua hawayanywi vya kutosha.

Baada ya dawa

Dawa za salfa, zinazotumiwa sana dhidi ya kuhara damu, huzuia kimeng'enya kinachotengeneza bikaboneti ya ganda. Mayai yanaweza kutoka laini kabisa ukiwa katikati ya tiba. Nikarbazini, ambayo huwekwa kwenye baadhi ya vyakula vya broila, hugeuza mayai ya kahawia kuwa meupe ndani ya siku chache. Ukiona rangi imepotea ghafla baada ya kufungua gunia jipya, simamisha gunia hilo.

Na usiwape oksitetrasaiklini kwa sababu tu mayai ni laini. Haitengenezi ganda, hushikamana na kalsiamu tumboni na kupoteza nguvu, na mabaki yake huingia kwenye mayai mnayokula. Mayai ya kuku aliye kwenye dawa yasiliwe wala kuuzwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe.

Ugonjwa

Magonjwa matatu hasa hugusa ganda, na yanatofautiana kwa dalili zake.

Kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle, hushusha utagaji kwa ghafla na kuja na kupumua kwa shida, kuhara kijani, shingo kupinda na vifo. Mkamba wa kuku huleta kukohoa na kukoroma, na mayai yaliyokunjamana. Ukivunja yai kwenye sahani, ute hutawanyika kama maji. Ugonjwa wa tatu ni ule wa virusi unaojulikana kwa kifupi EDS (Egg Drop Syndrome, yaani kushuka kwa utagaji), na ndio unaowapotosha wengi, kwa kuwa kuku huonekana wazima: wanakula na wanatembea. Kwanza rangi ya kahawia hufifia, kisha maganda hulainika au hukosekana kabisa, na hali hiyo huweza kudumu wiki 4 hadi 10. Virusi vyake asili yake ni kwa bata na bata bukini. Ukifuga bata na kuku pamoja, watenganishie maji ya kunywa. Bata wakinywea na kunyea kwenye beseni moja na kuku, umewaunganisha.

Hakuna kati ya magonjwa hayo linalotibika kwa dawa. Yote ni ya virusi, na kinga yake ni chanjo kabla kuku hajaanza kutaga. Ukiyashuku, funga mlango: usiuze kuku, usilete wengine, mwite daktari wa mifugo wa wilaya. Jibu la uhakika hutoka maabara, na zipo Entebbe kwenye kituo cha taifa cha uchunguzi wa magonjwa ya mifugo, na Makerere kwenye chuo cha tiba ya mifugo. Kuku aliyepona mkamba anaweza kubaki akitaga mayai mabovu maisha yake yote.

Kama ni kuku mmoja tu, wenzake wote wazuri, na amekula makombe mwezi mzima, mfuko wake wa ganda una kasoro. Hatengenezeki. Akisimama wima mkia chini, akijikamua bila kutaga, yai laini limekwama: mweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika 15 hadi 20, kisha mahali penye giza na utulivu. Usilisukume kwa vidole. Likipasukia ndani atakufa.

Je, ni kuku kweli wanaokula?

Kuku hula mchana tu, huacha maranda yenye ute, na mara nyingi hula ganda pia. Nyoka humeza yai zima, pasibaki kitu. Kenge na nguchiro hulichukua au huacha maganda yaliyopasuliwa mbali na kiota. Panya hutafuna kingo na hufanya kazi usiku. Kunguru huingia mchana mlango ukiwa wazi. Yai lililopotea bila alama yoyote usimsingizie kuku. Ukitaka uhakika, kagua midomo saa sita mchana: kiini kilichokauka huonekana kando ya mdomo na kwenye manyoya ya kidevu. Mkague jogoo pia.

Kiota

Kiota kimoja kinatosha kuku 4 hadi 5. Vikiwa vichache wanabanana, mmoja anakalia yai la mwenzake, linapasuka. Kipimo kizuri ni upana sentimita 30, kina 35 na kimo 35, chenye kizingiti cha sentimita 10 mbele ili maranda yasimwagike. Kiinue sentimita 45 hadi 60 kutoka chini, lakini kiwe chini ya fito za kulalia, la sivyo watalala humo na kukichafua. Funika nusu ya mlango kwa pazia la gunia. Giza ndilo lenye kazi kubwa hapa, kwani yai wasiloliona hawalidonoi.

Matandiko yafike unene wa sentimita 8 na yabaki hivyo. Maranda ni bora. Maganda ya kahawa yanafaa yakiwa makavu kabisa, lakini hulala na kuwa bapa, kwa hiyo ongeza kila wiki. Yai likianguka juu ya mbao tupu litapata ufa hata kama ganda ni zima. Likivunjika, ondoa matandiko yote yaliyolowa, si yai tu.

Okota mayai saa tatu, saa sita na saa kumi. Mengi hutagwa kabla ya adhuhuri, hivyo mzunguko wa kwanza na wa pili ndio usiorukwa. Kuku wa kienyeji aliyeanza kuatamia anaziba kiota na kuwasukuma wengine wabanane. Mtoe, mweke siku 3 au 4 kwenye tenga lenye sakafu ya fito linalopitisha hewa chini.

Ndani ya banda, wasizidi kuku 4 hadi 5 kwa mita moja ya mraba. Chakula kisiishe kabla ya magharibi. Protini ikipungua chini ya asilimia 16 hivi, kuku huitafuta popote, na yai ni protini tupu. Kama unarefusha kwa pumba, ongeza mukene uliosagwa gramu 5 kwa kila kuku kwa siku. Upepete kwanza, maana mukene uliokaushwa juu ya mchanga huja na mchanga wake. Tundika kabichi nzima kwa kamba kwenye kimo cha kichwa cha kuku iwape la kudonoa.

Tabia ikishazama

Weka mayai ya bandia, ya mbao au ya udongo uliochomwa, mawili kwa kila kiota. Mla mayai atayadonoa, hatapata kitu, na wengi huacha ndani ya wiki mbili. Kujaza pilipili kwenye ganda tupu ni kazi bure, maana ndege hawasikii ukali wa pilipili kama sisi. Atakula, na bado utakuwa umemzoesha kuvunja ganda.

Kinachofanya kazi kweli ni kiota cha mteremko. Nyanyua sakafu ya nyuma kwa sentimita 4 juu ya ya mbele, ilaze kapeti ya plastiki isiyokunjamana, na acha mwanya wa sentimita 6 mbele ambapo yai litapenya na kuingia kwenye kisanduku chenye mfuniko. Kisanduku kiwe na kina cha sentimita 20 ili mdomo usifike, na mwisho wake uwekee kitambaa kizito yai lisigonge mbao. Jaribu kwa yai halisi kabla ya kumwachia kuku: likisimama njiani ongeza mteremko kidogo, likigonga kwa kishindo punguza. Usiweke matandiko humo. Yai lisilo na ganda halitabingirika, litabaki pale pale mbele yake, na hapo kiota hiki hakitakusaidia mpaka ganda liwe limerekebishwa.

Aliyethibitika kuwa mla mayai atengwe wiki mbili kwenye tenga la sakafu ya waya yenye mteremko huo huo, ale chakula kamili cha kutagia na makombe. Mrudishe banda likiwa tayari na viota vyeusi na mayai ya bandia. Akirudia ndani ya siku chache, mchinje, kwa kuwa wenzake watajifunza kwake upesi kuliko utakavyoweza kuwazuia. Usimpeleke sokoni kama kuku wa kutaga. Tabia hiyo itahamia kwenye banda la mwingine.